Kuandika kifo chenye utata: neno kwa wanaoanza kuandika wasifu

Ukianza kuandika wasifu wa mtu ambaye kifo chake kina mashaka, vishawishi viwili vitakujia mapema: kumlilia marehemu na kumkamata muuaji. Vyote vinatoka kwenye moyo mwema, na vyote huharibu kazi. Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Ushahidi mpya ukitokea kesho, je, utaongeza sentensi tu, au utalazimika kufuta zile ulizokwisha kuandika?

Chukua habari ya Ahmed Timol, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi. Tarehe 27 Oktoba 1971, akiwa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini, alianguka kutoka juu ya jengo la John Vorster Square, makao ya polisi mjini Johannesburg. Mwaka 1972 uchunguzi wa mahakama ulisema alijiua. Ndugu zake hawakukubali, na mwaka 2017 Jaji Billy Mothle aliutengua uamuzi huo na kutamka kwamba Timol aliuawa. Mwandishi wa miaka ya 1980 aliyeandika “alijiua” alikuwa amebeba uongo wa polisi kama ukweli wake. Aliyeandika “aliuawa” alikuwa sahihi, lakini msomaji hakuwa na namna ya kujua amelitoa wapi. Aliyeandika kwamba Timol alianguka akiwa kizuizini, kwamba uchunguzi wa 1972 ulisema amejiua, na kwamba familia ilipinga kwa sababu hizi na hizi, hakuwa na la kufuta hata neno moja mwaka 2017.

Kwa hiyo tanguliza yasiyobishaniwa: siku, mahali, nani aliukuta mwili, ulikuwa katika hali gani. Kisha uamuzi wa chombo rasmi, kwa jina la chombo na mwaka. Kisha pingamizi, nalo lina mwenyewe. “Inasemekana” haina mwenyewe, iondoe. “Eti” na “kile kinachoitwa uchunguzi” zinamkonyeza msomaji, ziondoe pia. Na kama daktari “alisema” lakini mjane “alidai”, umeshachagua upande bila kujua.

Pima pia uzito wa kila kauli na uuhamishe ulivyo. Ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia ililaumu kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikufikia jibu la mwisho. Mwaka 2017 Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliripoti kwa Umoja wa Mataifa kwamba shambulio au tishio kutoka nje ya ndege ni jambo linaloonekana kuwezekana. Kuwezekana hakujawa kuthibitika. Nimeona waandishi wengi wakiruka hatua hiyo kwa sentensi moja, na msomaji anaondoka akiamini kesi imefungwa.

Hata hivyo, kutoegemea upande si kumgawia kila mmoja nusu. Cheti cha kifo cha Thomas Sankara, rais wa Burkina Faso, kiliandika kwamba alikufa kifo cha kawaida, ilhali alipigwa risasi tarehe 15 Oktoba 1987 pamoja na wenzake, na mwaka 2022 mahakama ya kijeshi ya nchi hiyo ilimhukumu Blaise Compaoré, aliyetwaa madaraka baada yake, kifungo cha maisha bila yeye kuwepo. Cheti kile kinastahili kutajwa, kwa kuwa kinaonyesha namna kifo kilivyofichwa. Hakistahili kuwekwa kwenye mizani kana kwamba ni rai nyingine yenye hoja.

Mahali ambapo wengi huteleza ni mpangilio. Soma hii: “Wiki mbili baada ya kugombana na mshirika wake kuhusu fedha, alikutwa amekufa.” Hakuna neno la kushtaki hapo, lakini shtaka limesomwa. Kama wachunguzi walikuta uhusiano kati ya ugomvi na kifo, sema, na utaje walichokikuta. Kama hawakukuta, ugomvi ubaki kwenye sura ya biashara zake, pamoja na tarehe yake. Vivyo hivyo, usimwekee marehemu kivuli tangu utotoni: “hakujua kwamba miaka yake ilikuwa ikihesabika.” Mtu huyu aliishi, alifanya kazi, alikosea, alipendwa. Sura moja ya kifo isizimeze zote za uhai.

Kuhusu walio hai, uwe mkali zaidi na nafsi yako. Aliyehojiwa hajashtakiwa, aliyeshtakiwa hajatiwa hatiani, na aliyeachiwa huru aandikwe kuwa ameachiwa huru, katika aya ileile iliyomtaja kwenye kesi, si kurasa arobaini mbele. Palipo na uamuzi wa kujiua, usieleze njia iliyotumika kwa undani. Haimwongezei msomaji ujuzi, na inaweza kumdhuru aliye dhaifu.

Ndugu wa marehemu watakuomba uandike wanachokijua moyoni. Wasikilize hadi mwisho, andika kauli yao kwa majina yao wakiridhia, na waeleze mapema kwamba itasomwa kama kauli yao. Wengine watakasirika. Wape muda, kisha rudi uwaulize kuhusu barua, picha na watu waliomwona siku za mwisho, maana huko ndiko ushahidi wa familia hupatikana mara nyingi.