Tundu la shingoni: mnabishania kifaa kipi?

Maswali ya safari hii yanahusu trakeostomi, yaani tundu la shingoni la kupitishia mrija wa kupumulia, ya kutoboa kwa sindano, ile inayofanyika kitandani kwa mgonjwa mahututi bila kumhamishia chumba cha upasuaji.

Daktari, nasikia njia ziko nyingi. Zinatofautiana wapi?

Mwanzo wake ni mmoja. Sindano inaingia kwenye bomba la hewa, chini ya pete ya kwanza au ya pili ya gegedu, waya mwembamba unapitishwa, sindano inatolewa, waya unabaki kuonyesha njia. Kinachotofautiana ni namna ya kupanua tundu. Mwaka 1985 daktari Ciaglia alitumia vipanuzi kadhaa, chembamba kwanza, kinene mwisho. Mwaka 1990 daktari Griggs akaleta koleo linalofuata waya na kufunguliwa humo ndani. Baadaye vipanuzi vya Ciaglia vikawa kimoja, kimepinda kama pembe ya kifaru, ndipo likaja jina Blue Rhino. Kuna pia cha kuzungushwa kama skrubu, kuna puto, na kuna njia ya daktari Fantoni wa Italia, ambaye aligeuza mambo: mrija unatokea ndani kwenda nje.

Mimi ni nesi ICU. Madaktari wetu hawaishi kubishana. Ipi bora?

Kwangu, kipanuzi kimoja, yaani kile cha Blue Rhino. Koleo hufanya kazi haraka, lakini upana wa tundu unategemea mkono wa anayelifungua, na damu huelekea kutoka zaidi. Skrubu inaweza kuumiza ukuta wa nyuma wa bomba la hewa. Kipanuzi kimoja nacho kina lawama yake: kinaweza kuvunja pete za gegedu, ingawa mara nyingi mgonjwa haoni athari. Njia ya Fantoni ndiyo hukwama zaidi, hadi daktari analazimika kubadili mbinu. Kwa madhara makubwa, nyingine zote zinakaribiana mno. Ndiyo maana naona ubishi wao umekosea mlango: waulize nani anashika kamera ndani ya bomba la hewa wakati sindano inaingia. Bila kamera, sindano ikienda kando au ikagusa ukuta wa nyuma, hakuna wa kuiona.

Mama yuko siku ya tano kwenye mashine ya kupumulia. Tuwasihi waharakishe?

Pole sana, ndugu yangu. Hapana, msiharakishe. Utafiti wa Uingereza uitwao TracMan, uliochapishwa 2013, uliwafuatilia wagonjwa 909: wengine walipangiwa trakeostomi ndani ya siku 4, wengine baada ya siku 10. Kufikia siku ya 30, vifo vilikuwa asilimia 30.8 na 31.5. Na katika kundi la kusubiri, zaidi ya nusu hawakutobolewa kabisa.

Nani asifanyiwe?

Mtoto mdogo, mwenye maambukizi pale pale shingoni, na ambaye damu yake haigandi na bado haijarekebishwa. Shingo nene isiyopapasika, tazama kwanza kwa ultrasaundi. Ukiona mshipa mkubwa umepita mbele, mwite mpasuaji.

Mrija umechomoka siku ya tatu. Niurudishe?

Usiusukume! Tundu hili limetanuliwa, halikukatwa, kwa hiyo nyama hujirudia upesi na mrija unaweza kuishia mbele ya bomba la hewa, nje yake. Ita msaada, ziba tundu, mpe oksijeni kwa barakoa usoni, kisha apitishiwe mrija mdomoni. Njia ya shingoni huchukua siku 7 hadi 10 kukomaa.