Maswali ya Wasomaji: Soda ya Melini Hulipwaje kwa Fedha Taslimu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Mwanga, hapa Kigoma. Mwanangu anayefanya kazi Ujerumani amenilipia safari ya siku 7 katika meli ya kitalii itakayoanzia Genoa, Italia, na kuzunguka Bahari ya Mediterania. Nauli, chumba na chakula ameshavilipia, lakini ameniambia kuwa vitu vingine vya ndani ya meli hulipiwa kwa kadi ya mkopo, nami sina kadi hiyo wala sina nia ya kuanza kuitafuta katika umri huu. Ninayo akiba yangu ya mauzo ya mawese, na nisingependa kumwomba mwanangu, mbele ya mkewe na watoto, kila ninapotaka soda. Zamani nilipokuwa nikisafiri na MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kasanga, nilinunua wali na samaki kwa shilingi zangu na kurudishiwa chenji papo hapo. Je, katika meli hizo kubwa fedha taslimu hazipokelewi kabisa? Na kama zinapokelewa, nibebe kiasi gani, tena fedha za nchi gani?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Fedha taslimu zinapokelewa katika meli nyingi za aina hiyo, ila si kwa utaratibu wa Liemba. Ukimpa mhudumu wa baa noti ya euro 10, atakurudishia kwa adabu na kukuomba kadi. Wala kadi anayoitaka si ya benki. Ni kadi ya meli yenyewe, unayopewa siku ya kupanda, ambayo hufungua mlango wa chumba chako, hukutambulisha unaposhuka na kurudi bandarini, na ndiyo inayoandikiwa kila unachonunua. Kila soda, kila picha na kila kikombe cha kahawa huingia katika hesabu ya jina lako, na hesabu hiyo hufungwa mwisho wa safari. Mwanao hakukosea, ila amekueleza nusu ya habari: kadi ya mkopo ni njia mojawapo tu ya kuidhamini hesabu hiyo, na njia nyingine ni kuweka amana ya fedha taslimu kabla hujaanza kutumia.

Amana hiyo huwekwa kwenye mapokezi ya meli, mahali panapofunguliwa mchana na usiku, na katika baadhi ya meli zipo pia mashine zinazomeza noti na kutoa stakabadhi. Fanya hivyo siku ile ile ya kupanda, kwa sababu meli huwa na muda maalumu wa kukamilisha jambo hilo, na abiria ambaye hajaweka kadi wala amana huweza kukuta kadi yake ya meli inakataliwa baa mbele za watu. Ukishaweka, tuseme, euro 200, utatumia hadi kiasi hicho kiishe; kikikaribia kwisha unaongeza, na usipoongeza mauzo yanasimama. Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ndilo jambo zuri kuliko yote katika utaratibu huo, maana mwenye kadi ya mkopo asipofuatilia hesabu yake huweza asijue ametumia kiasi gani hadi asubuhi ya kushuka, ilhali mwenye amana hawezi kudaiwa soda asizokuwa na fedha zake.

Hata hivyo, kampuni hazifanani. Kiwango cha chini cha amana hutofautiana, na hutegemea pia urefu wa safari na idadi ya watu mlio chumba kimoja. Mwambie mwanao aiandikie kampuni sasa, kabla ya siku ya safari, aulize mambo mawili tu: kiwango cha chini cha amana kwa mtu mmoja, na fedha inayotumika ndani ya meli. Jibu alihifadhi kwa maandishi. Jambo jingine la kumkumbusha ni kwamba, mkilala chumba kimoja au akiwa amewaandikisha nyote chini ya kadi yake, manunuzi yako yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye hesabu yake bila wewe kujua. Siku ya kupanda, sema waziwazi kwamba unataka hesabu yako iwe peke yake.

Kuhusu fedha za kubeba, shilingi ya Tanzania haitakusaidia ukishavuka mipaka, kwa hiyo badilisha kabla hujaondoka. Meli za kampuni za Ulaya zinazozunguka Mediterania, kama vile za MSC na Costa, kwa kawaida huhesabu kwa euro; za kampuni za Marekani huhesabu kwa dola hata zikiwa pwani ya Italia; na P&O Cruises ya Uingereza huhesabu kwa pauni. Ukibeba dola kwenye meli ya euro utabadilisha mara mbili na kupunjwa mara mbili, kwani viwango vya kubadilishia fedha ndani ya meli si vya kuchangamkia. Nunua benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, uwe na kitambulisho, na utunze stakabadhi. Wasomaji kadhaa wamechanganywa na kanuni za mwaka 2025 zinazozuia kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Kanuni hizo zinahusu bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani, wala hazimzuii msafiri kununua euro za safari yake. Wajibu wa kutoa tamko mpakani huanza kwenye kiasi cha dola 10,000 kwetu, na euro 10,000 kwa anayeingia Umoja wa Ulaya, viwango ambavyo naamini mawese ya msimu mmoja hayajavifikia.

Kiasi gani? Kwanza uliza kama tozo ya huduma, yaani bakshishi ya wahudumu wa chumba na mezani, imo katika nauli. Mara nyingi haimo, nayo huandikwa kwenye hesabu yako kila usiku bila kuulizwa. Katika kampuni kubwa za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila mtu kwa siku, kwa hiyo kwa siku 7 peke yake inazidi dola 110. Hii ndiyo inayowashangaza wengi waliojinyima hata kahawa. Baada ya hapo yapo maji ya chupa mezani, ambayo katika meli nyingi za Mediterania huuzwa, ingawa ya bomba kwenye ukumbi wa kujipakulia huwa bure. Ipo intaneti, ambayo ni ghali. Na wapo wapiga picha watakaokuvizia mlangoni ukiwa umevaa vizuri, wakidai kwa picha moja bei ya kutosha kununulia kuku mzima hapo Mwanga. Mtu wa matumizi ya kiasi, ambaye tozo yake haijalipwa, namkadiria amana ya euro 200 hadi 250. Nyingine 150 zibaki mkononi kwa ajili ya nchi kavu, zikiwa noti za 5, 10 na 20, kwa sababu mwenye basi au mgahawa mdogo wa Napoli hatafurahia noti ya 100. Ukipewa noti ya 500, ikatae: ilikoma kutolewa mwaka 2019, na ingawa bado ni halali, wenye maduka wengi huikwepa. Zisizotumika zifungie kwenye sefu ndogo ya chumbani.

Gharama moja haifai kutegemewa kwenye amana, nayo ni zahanati ya meli. Daktari wa melini hulipwa kupitia hesabu hiyo hiyo, na siku mbili za dripu zaweza kumeza akiba yote. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma cheti chako uhakikishe kinataja safari ya baharini, na nakala yake uitembeze pamoja na pasipoti.

Usiku wa mwisho usisubiri asubuhi. Nenda mapokezi baada ya chakula cha jioni, uombe karatasi ya hesabu, uipitie mstari kwa mstari kama ulivyokuwa ukisahihisha madaftari, kisha uchukue salio lako taslimu. Asubuhi ya kushuka foleni hapo huwa ndefu, na wapo waliokata tamaa wakaacha fedha zao. Kampuni nyingine humtumia mtu wa namna hiyo hundi kwa posta, na hundi ya kigeni ya euro 14 ikifika Kigoma, gharama ya kuifuatilia itaizidi yenyewe.

Kwa kuwa umeitaja Liemba, pengine utapenda kuwasimulia wajukuu mezani kwamba meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha na kuunganishwa hapo hapo Kigoma. Kiwanda hicho hicho ndicho leo kinachotengeneza baadhi ya meli kubwa za kitalii duniani.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa asali, Kanyenye, Tabora. Nilisafiri na mke wangu kwa meli ya kitalii kutoka Dubai, nikaandikisha kadi yangu ya kawaida ya benki. Usiku wa mwisho nilikwenda mapokezi nikalipa deni lote kwa dola taslimu na kupewa stakabadhi. Nimerudi nyumbani, siku ya nane sasa, na bado sehemu ya fedha zangu benki haigusiki, wakati warina asali wananidai. Je, nimelipishwa mara mbili?

JIBU: Pole sana, ndugu. Yaelekea hukulipishwa mara mbili, bali fedha zako zimeshikiliwa. Ukiandikisha kadi, meli huiomba benki yako itenge kiasi fulani, mara nyingi kila siku kadiri matumizi yanavyopanda. Kwa mwenye kadi ya mkopo kinachotengwa ni nafasi ya kukopa tu, hivyo hahisi kitu. Lakini kadi yako imefungwa kwenye akaunti yenye fedha zako halisi, kwa hiyo kinachotengwa ni fedha ya asali. Kulipa taslimu usiku wa mwisho kulifuta deni lako melini, ila hakukuondoa maombi yaliyokwisha kupelekwa benki. Hayo hujifuta yenyewe baada ya siku kadhaa, na kwa benki nyingine huchukua hata wiki mbili au zaidi.

Omba taarifa ya akaunti uangalie kama kiasi hicho kimeandikwa kuwa kinasubiri au kimekwisha kukatwa. Kikiwa kinasubiri, peleka tawini stakabadhi ya malipo na karatasi ya mwisho ya hesabu ya meli, uombe waiandikie benki ya kampuni ili waachie. Kikiwa kimekatwa kweli, jaza fomu ya malalamiko siku hiyo hiyo, kwa sababu malalamiko ya kadi yana ukomo wa muda. Safari nyingine, kadi hiyo ibaki mfukoni tangu siku ya kupanda, nawe uanze na amana kama nilivyomweleza Mwalimu wa Kigoma.