Land Rover ya babu: uiache ilivyo au uibadilishe?

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Nimekuelewa: Series III ya marehemu babu imelala bandani Mikindani, injini inawaka kwa kubembelezwa, fundi anataka kufunga injini ya dizeli ya Toyota na kupiga rangi mpya, na wewe roho inasita.

Kabla ya kuongelea injini, ingia uvunguni na bisibisi. Bodi ya gari hiyo ni aluminiamu, lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na nyie mko pwani ambako chuma huliwa na kutu. Gonga chesisi yote, hasa nyuma na pale springi zinaposhikilia. Bisibisi ikizama, usiitoe barabarani hata kwa kwenda sokoni. Angalia pia aluminiamu inapogusana na chuma, kutu hupenda hapo. Anayestahili kulipwa kwanza ni fundi wa kuchomelea anayejua chesisi. Wa rangi asubiri.

Chesisi ikiwa nzima, mimi ningebaki na petroli ile ile ya lita 2.25. Safisha kabureta, mwaga mafuta ya zamani tangini, badilisha mipira yote ya breki. Rangi ya babu iache, ikishakwanguliwa hairudi.

Kama utabeba abiria kila siku kwenda Lindi, sikulaumu ukibadili. Ila usifunge injini yenye nguvu huku breki za dramu zimechoka, utaua watu. Na namba ya injini isipolingana na kadi ya gari utasumbuliwa, kwa hiyo pitia TRA (Mamlaka ya Mapato, wanaosajili magari) kabla fundi hajashika spana. Injini ya zamani usiiuze chuma chakavu.