Ukitaka kuielewa migongano, anza na momenta

Kila mwaka wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Chake Chake wananijia na shida ile ile: migongano. Fomula wamezihifadhi zote, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, wanakwama. Ushauri ninaowapa ni mmoja, na nimeona unawasaidia: andika momenta kwanza (tungamo la kitu mara kasi yake, pamoja na upande kinakokwenda), hata kabla hujajua mgongano ni wa aina gani. Nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara kasi kipeo cha pili, usiiguse mpaka swali likupe ruhusa.

Vitu viwili vikigongana, kila kimoja humsukuma mwenzake kwa nguvu sawa, kwa muda ule ule, pande tofauti. Momenta anayopoteza huyu ndiyo anayoipata yule. Kama hakuna nguvu ya nje ya kutajika, jumla haibadiliki, vidunde au vigandane. Nishati mwendo haina dhamana hiyo. Hubaki yote katika mgongano nyumbufu tu, yaani ule wa kudunda kikamilifu. Kwengine sehemu yake hugeuka joto, sauti au bati lililokunjamana.

Anayetaka kuliona hili na aende kwenye keram. Kwa kanuni za kimataifa straika, kile kipande cha kupigia, haizidi gramu 15, na kete inayopigwa ina gramu 5 hadi 5.5. Tuchukue 15 na 5, hesabu iwe nyepesi. Straika inakwenda mita 4 kwa sekunde, inaipiga katikati kabisa kete iliyotulia. Momenta ni 0.06, ukishageuza gramu kuwa kilo. Mgongano ukiwa nyumbufu, straika inaendelea mbele kwa mita 2 kwa sekunde na kete inatoka kwa mita 6. Momenta: 0.03 na 0.03. Nishati: mwanzo jouli 0.12, mwisho 0.03 ya straika na 0.09 ya kete. Wengi hulikataa jibu hili, wakiuliza vipi kete itoke mbio kuliko kilichoipiga. Waliokulia barazani hawaulizi. Wanaliona kila jioni.

Sasa bandika nta ili vigandane. Vinakwenda pamoja kwa mita 3 kwa sekunde. Momenta ni ile ile 0.06, lakini nishati mwendo imebaki jouli 0.09. Robo nzima imegeuka joto na sauti. Kete za kweli ziko baina ya hali hizi mbili, na ule mlio wa kugongana ni sehemu ndogo ya nishati iliyotoroka.

Katika mgongano nyumbufu wa mstari mmoja ipo njia ya mkato ninayoipenda sana: kasi ya kukaribiana ni sawa na kasi ya kuachana. Hapo juu vilikaribiana kwa 4, vikaachana kwa 6 kutoa 2. Unganisha hilo na momenta, na hutahitaji kuhangaika na vipeo vya pili.

Linalowaumiza zaidi ni upande. Momenta inao, nishati mwendo haina. Chukua magari mawili ya kilo 1,200 kila moja, yanakutana uso kwa uso kwenye barabara ya Wete, kila moja likienda mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Jumla ya momenta ni sifuri. Nishati mwendo ni jouli 270,000. Yakigandana yanasimama pale pale, na jouli zote hizo zinaingia kwenye bati, vioo na miili ya watu. Kasi ikiongezwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Mholanzi Willem 's Gravesande alilionyesha katika miaka ya 1720 kwa kuangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini: kasi mara mbili, shimo mara nne. Mfano huu naurudia kila muhula, kwa sababu vijana hawa ndio wanaopanda bodaboda kurudi kwao.

Basi ukikaa na swali, chora mishale kabla na baada, chagua upande mmoja uwe chanya, na kinachokwenda upande wa pili kipe alama ya kutoa. Ukimaliza, linganisha nishati mwendo ya kabla na ya baada. Ikiwa imeongezeka na hakuna springi iliyofyatuka wala kitu kilicholipuka, rudi kwenye alama zako.