Filta uliyoitoa ndiyo shahidi wa oili uliyotia

Jumamosi iliyopita fundi aliinua kebini ya Canter yangu akafungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ili arekebishe vali. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimemshikia tochi, moyo ukanipasuka, nikajua ameona ufa. Akaniambia, "Mzee, hebu sogea uone." Chuma chote mle ndani kilikuwa na rangi ya asali. Hakuna tope jeusi kwenye kona, hakuna ukoko uliogandamana kwenye springi. Akawaita vijana wake wawili waache kazi waje waangalie injini ya lori la zamani ambayo haijafunguliwa tangu 2017. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kwani wewe hutia oili gani?"

Swali hilo ningeulizwa kabla ya 2017, ningejibu kwa kujigamba na ningekuwa nimekosea. Ndiyo maana nimeona niandike. Najua wengi mnaosoma hapa mna lori moja kuukuu na ndoto ya kuongeza la pili, kama nilivyokuwa mimi nilipoacha kuendesha magari ya watu nikachukua mkopo wa sacco kununua hili.

Februari 2017 nilipakia nyanya Naivasha, za wateja watatu wa soko la Marikiti, Nairobi. Wiki moja kabla nilikuwa nimefanya sevisi. Oili niliinunua kwenye kibanda kimoja karibu na Kirinyaga Road kwa sababu muuzaji alinipunguzia shilingi 1,200 kwa galoni mbili. Filta nilimwachia fundi niliyemzoea ainunue yeye, nikampa pesa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amemaliza, filta inang'aa pale chini, nikalipa nikaondoka nikiwa na furaha.

Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu taa ya oili ikawaka mara moja ikazima. Nikajisemea ni waya. Juu kidogo ya lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Italia mwaka 1942, ikawaka tena, na safari hii haikuzima. Nilikuwa gia ya pili, mzigo mzito, jua la saa nane. Ningezima injini pale pale ningeponea. Sikuzima. Nilitaka nifike mahali pazuri pa kuegesha. Dakika mbili hivi nikasikia mlio kama wa nyundo kwenye bati, kwa-kwa-kwa, halafu injini ikashika kabisa.

Nililala barabarani usiku huo na taniboi wangu, msaidizi wa lori, na kesho yake nyanya zikaanza kutoa maji chini ya bodi. Wateja wawili walinielewa. Wa tatu alikuwa mama mjane aliyekuwa ameweka mtaji wake wote pale, na nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bei ya injini, ingawa injini nayo ilinila zaidi ya laki mbili na nusu.

Yule fundi aliyenifanyia sevisi alisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye nisiyejua kuendesha, eti nilivuta gia vibaya. Maneno hayo sijayasahau hadi leo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa Kariobangi. Kabla hata ya kugusa injini alifungua filta akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chini yake kukawa na kutu. Ilikuwa filta ile ile ya zamani, imesafishwa kwa petroli ikapigwa rangi ya kupuliza. Kisha akachukua msumeno wa chuma akaikata shingoni, polepole, akaitoa karatasi ya ndani na kuikunjua juu ya kipande cha mbao. Mikunjo ilikuwa imeshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na upande mmoja ilikuwa imechanika. Akaibana karatasi kwenye vaisi hadi oili ikachuruzika, akaniambia nielekeze tochi. Kulikuwa na vumbi la rangi ya shaba linameremeta. "Hiyo ni bearing yako ya konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni," akasema. Oili yenyewe aliitia kati ya vidole akaisugua, akainusa asikie kama imeingiliwa na dizeli. Haikuwa na harufu ya dizeli. Ilikuwa nyepesi tu, kama maji ya mchele, ilhali galoni ilikuwa imeandikwa 15W-40, namba ya oili nzito kuliko hiyo.

Akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya usukani sikuwahi kuambiwa. Filta ikiziba, oili haisimami. Kuna vali ndogo yenye springi, nyingine iko ndani ya filta, nyingine iko kwenye injini, ambayo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, maana afadhali bearing ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Kwa hiyo unaweza kuendesha miezi mizima bila filta na usijue. Hakuna taa itakayowaka. Unasaga chuma kwa masizi na vumbi lako mwenyewe, na siku oili hafifu inapopata moto mlimani, presha inashuka na yote yanakuja kwa pamoja.

Sasa nirudi kwa swali la yule kijana, oili gani.

Kwa Canter yangu yenye injini ya 4D33, na kwa malori mengi ya Kijapani ya umri huo, mimi hutia 15W-40 ya dizeli. Namba iliyo kabla ya W inasema oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya pili inasema uzito wake injini ikiwa moto. Nairobi haigandi hata Julai, kwa hiyo 15W inatosha kabisa alfajiri. Kisha tafuta herufi za daraja la ubora. Oili za dizeli daraja lake linaanza na C, za petroli linaanza na S. CF-4 ni ya 1990, CI-4 ilikuja 2002, CK-4 ikaja mwishoni mwa 2016. Kwa lori kuukuu lisilo na chujio la masizi kwenye ekzosi, CI-4 ndiyo chaguo langu. Madaraja haya ya juu yanafunika yale ya zamani yaliyo kwenye kitabu cha gari, na CI-4 ina nguvu nzuri ya kuua asidi na kubeba masizi. Usilipie CK-4 kwa sababu tu ni mpya. Yenyewe ilitengenezwa ikiangalia hasa magari yenye chujio hilo.

Kuna ushauri ambao utaupata kila gereji: gari likianza kutoa moshi, tia 20W-50, au tia dawa ya kuzuia moshi. Ndugu yangu, usikubali kirahisi. Oili nzito huficha kelele na kupunguza moshi kwa muda, lakini alfajiri ikiwa baridi inachelewa kufika juu kwenye vali, na uzito wake unaweza kufungua ile vali ya filta ikapita bila kuchujwa. Pistoni zilizochakaa zinataka kutengenezwa. Oili haiotishi ringi mpya.

Usiogope oili kuwa nyeusi baada ya siku chache. Oili ya dizeli hubeba masizi, hiyo ndiyo kazi yake. Ila kama umenunua lori ambalo mwenye nalo alikuwa anaongeza oili tu bila kumwaga, ukitia oili nzuri itaanza kubandua uchafu wa miaka mingi. Hapo badilisha oili na filta tena baada ya kilomita 1,000, usingoje. Baada ya hapo mimi huenda kilomita 5,000. Najua mita za malori mengi zimekufa. Hesabu safari uandike kwenye daftari.

Kuhusu kununua, nakuomba usimtume mtu. Nenda mwenyewe kwenye duka litakalokuandikia risiti na ambalo utalikuta pale pale mwezi ujao. Angalia pete ya kifuniko kama haijakatika, angalia karatasi ya foili chini yake. Nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba unayoweza kuikagua kwa SMS kwenda 20023, lakini kumbuka wahuni hujaza oili mbovu kwenye galoni halisi, na namba itajibu vizuri. Ndiyo sababu galoni zangu zikiisha nazitoboa kwa msumari mbele ya fundi. Wengine huziuza kwa wanaookota. Usiuze. Utakuja kuinunua mwenyewe.

Filta nayo ishike mkononi. Angalia ndani kama mikunjo ya karatasi imepangwa sawa, bonyeza ule mpira unaozuia oili kurudi, uwe laini. Ijaze oili kabla ya kuifunga, paka mpira wa nje oili kidogo, na hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, maana mipira miwili ikikaa pamoja oili yote itamwagika barabarani. Kaza kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Ukiona fundi ananyanyua spana, mzuie.

Filta ya hewa usiipulize ukiwa nje kuelekea ndani. Ipulizwe kutoka ndani, kisha weka tochi katikati gizani, ukiona kitobo cha mwanga itupe. Ya dizeli mwaga maji yake kila wiki.

Na simama hapo fundi akifanya kazi. Acha chai. Chai utainywa jioni.

Jumamosi hiyo, kabla kebini haijashushwa, nilikata filta niliyoitoa kama ninavyofanya kila mara. Nikaibana karatasi, nikaielekeza juani. Masizi matupu, hakuna cha kumeremeta. Nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, nikaiweka kwenye kreti la nyanya pamoja na zile nyingine zote tangu 2017. Kijana wa jirani aliyenunua Canter mwezi uliopita alikuwepo, akazitoa moja moja akizisoma. Jumanne tunaenda naye kununua oili. Msumeno ameshanunua.