Bango la gothiki: usikubali herufi kubwa tupu

Mkuu, simamisha hiyo kazi leo leo. Umesema bango la kibanda chako hapo Masasi litaandikwa CHIPSI KUKU NA MISHIKAKI kwa fonti ya gothiki, zile herufi nene za kizamani zenye pembe na mikunjo, tena herufi kubwa mwanzo mwisho, na unauliza fonti ya bure inapatikana wapi na rangi gani itapendeza. Rangi iache kwanza. Hela yako italiwa na hizo herufi kubwa.

Mimi nauza supu ya pweza Mtwara mjini. Dizaina alinihakikishia gothiki "inaleta heshima", akapanga SUPU YA PWEZA kwa herufi kubwa tupu. Nikalipia flex (turubai la kuchapia bango), fremu ya chuma na fundi wa kuchomelea. Lilipopanda, S ikasomeka G. P na Y mikunjo mitupu, hujui mstari upi ni herufi na upi ni pambo. W na Z ndiyo usiseme. Abiria wa bajaji wanapita, wanakodoa macho, wanaenda kula kwa jirani aliyeandika ukutani kwa brashi. Mzee mmoja akaniuliza kanisa limefunguliwa lini. Nilipomrudia dizaina, akanijibu wateja wangu "hawajazoea sanaa". Mtu kachukua hela, kaharibu kazi, halafu kosa la mla supu! Alinionyesha picha ya mfano kwenye simu, na kwenye simu, umbali wa kiganja, kila fonti inasomeka.

Herufi za gothiki zimetokana na mwandiko wa kalamu ya ncha pana wa Ulaya ya zama za kati. Gutenberg, mchapaji wa Kijerumani, alipochapa Biblia yake kule Mainz, Ujerumani, mnamo 1455, aliiga mwandiko huohuo. Herufi kubwa kazi yake ni kufungua neno, moja tu, kisha ndogo zifuate. Angalia jina la gazeti la New York Times lilivyoandikwa: T, N na Y ndizo kubwa, nyingine zote ndogo, na linasomeka bila shida.

Hizo ndogo nazo zina mtego, maana Kiswahili chetu kimejaa m, n, u na i, ambazo kwenye gothiki ni vijiti vya wima vinavyofanana. Andika "mnunuzi" uone, ni kama ua wa mabua. Kwa hiyo gothiki ipe neno moja fupi, jina la kibanda basi, lianze na herufi kubwa moja. Vyakula, bei na namba ya simu weka herufi nyoofu za kawaida.

Ukitafuta fonti ya gothiki mtandaoni, andika Old English au Fraktur. Century Gothic na Franklin Gothic, japo zina jina Gothic, ni herufi nyoofu zisizo na mapambo, si hizo unazozitaka, ingawa kwa bei zinafaa sana.

Na advansi usitoe bado. Jina lichapwe kwenye A4, libandike ukutani, vuka barabara, mwite bodaboda yeyote alisome kwa sauti. Akisitasita, dizaina arudi akapange upya.