Kijana anaenda kambi milimani, simu hakuna

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko Atlanta, kijana wangu wa miaka 11 anaenda kambi ya wavulana milima ya Blue Ridge kule North Carolina, wiki 2, na simu eti haziruhusiwi kabisa. Sasa huko wanashindaje? Mi silali jamani.

JIBU: Marahaba mama. Wanangu wawili wamepita huko. Asubuhi wanaamshwa na tarumbeta, wanatandika vitanda na kufagia kibanda chao maana kuna ukaguzi, na yule asiyegusa fagio kwako huko ataligusa tu. Chai, halafu ziwani. Siku za mwanzo wanapimwa kuogelea kwanza, na kila mtoto ana mwenzake majini, filimbi ikilia wanashikana mikono wanahesabiwa, kwa hiyo hapo usihofu sana. Kuna mitumbwi, mishale, kupanda majabali. Baada ya lanchi wanajilaza kama saa moja hivi, ndo muda wa kuandika barua, ila usitegemee insha, wa kwangu aliandika "nipo, leteni biskuti" basi! (Na biskuti zenyewe kambi nyingi zinakataa, zinavuta panya, na dubu wapo milima ile.)

Jioni moto wa kuni na nyimbo. Usiku baridi hata Julai, mfungie sweta, koti la mvua, tochi, na bahasha zenye stempu ushaandika anwani kabisa. Soksi weka nyingi, zinapotea zote.